Tulivyowauliza wagombea kuhusu vita vya jirani, na kosa ambalo bado linaniuma

Mei 2015 niliacha kuuza dagaa kwa siku kumi na moja. Sikuwa mgonjwa. Meli ya Liemba ilikuwa inashusha wakimbizi wa Burundi gatini Kigoma, na sisi wanawake wa soko la Kibirizi tulikuwa tunapika uji.

Wanaokumbuka mwezi ule wanajua ninachosema. Rais Nkurunziza wa Burundi alikuwa ametangazwa kugombea muhula wa tatu, Bujumbura ikawaka, na watu wakaanza kuteremka kuelekea Kagunga. Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, kimebanwa kati ya mlima na ziwa, na gari ilikuwa haifiki. Watu walirundikana pale kwa makumi ya maelfu, wakanywa maji ya ziwa lile lile walilojisaidia pembeni yake, na kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji tu. Meli iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyokuwa inabeba watu wapatao mia sita, ikawa inakwenda na kurudi. Wakishuka walipelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wanapandishwa mabasi hadi Nyarugusu kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Hapo uwanjani ndipo kikundi chetu kilipozaliwa, ingawa siku zile hatukujua kama ni kikundi. Tulikuwa wanawake saba, mwalimu mmoja mstaafu wa Ujiji, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anatuletea kuni. Hatukuwa na jina wala usajili. Sufuria zilikuwa za kuazima.

Kampeni zilipoanza Agosti, wagombea walikuja kama wanavyokuja siku zote: bandari, barabara ya lami, umeme, bei ya mawese. Yote hayo tunayahitaji. Lakini nilisimama kwenye mikutano minne, ya vyama tofauti, na sikusikia hata mgombea mmoja akitaja wale watu tuliowapikia uji miezi mitatu nyuma, wala vita vilivyowaleta. Jioni moja mwalimu akasema, "Hawa ndio wanaokwenda Dodoma kusema kwa niaba yetu. Kwa nini tusiwaulize?" Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nina sababu yangu. Baba yangu ni Muha wa Manyovu, mama ni Mmanyema wa Ujiji. Kwa hiyo nikisafiri, kuna wanaoniita Mrundi na kuna wanaoniita Mkongo, inategemea siku hiyo wamesikia nini kinywani mwangu. Mwaka 2012 nilikuwa napeleka dagaa Dar es Salaam. Kwenye kizuizi kimoja barabarani nikashushwa kwenye basi kwa sababu nilisikika kwenye simu nikiongea Kiha, lugha ya kwetu inayofanana na Kirundi. Nikaambiwa niimbe wimbo wa Taifa. Nikauimba, mtu mzima, mbele ya abiria wenzangu. Nikaulizwa jina la mwenyekiti wa kijiji alikozaliwa baba, jina la shule ya msingi niliyosoma, jina la bibi yangu. Walipomaliza, basi lilikuwa limeondoka. Magunia yangu matatu yalikuwa yameshushwa chini, na mvua ikanyesha juu yake. Hasara ya dagaa nilishailipa. Ule wimbo nilioimba pale barabarani ndio ambao mpaka leo nikiusikia shuleni kwa watoto, kuna kitu kinanishika kooni.

Ndiyo maana kwetu vita na ubaguzi ni jambo moja. Kila bunduki ikilia ng'ambo, huku kwetu mtu wa Kigoma anageuka mshukiwa. Watu wa mbali wakisikia "sera ya mambo ya nje" wanafikiri ni habari za mabalozi na suti. Kwetu ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ni Kalemie, Baraka, Uvira, na mtu anayenunua dagaa wangu ana shangazi huko.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la karatasi. Tulikodi ukumbi wa shule kwa Jumamosi moja ya Septemba, tukaandika barua za mwaliko kwa wagombea watatu wa ubunge, na kwenye barua tukaandika kwa kujivunia kwamba tunaandaa "elimu ya mpigakura na mdahalo". Siku mbili kabla, tukaitwa. Tukaulizwa kibali cha kutoa elimu ya mpigakura kiko wapi. Hatukuwa tunajua kwamba elimu ya mpigakura inasimamiwa na Tume ya Uchaguzi, na asasi inayotaka kuitoa lazima iombe kibali mapema, tena asasi yenye usajili. Sisi tulikuwa na sufuria. Mkutano ukafa. Ukumbi tulikuwa tumeshaulipia, na pesa hazikurudi.

Aliyetuita hakuwa mtu mbaya. Alituambia kitu ambacho kilitufaa kuliko kibali: "Mikutano ya kampeni iko wazi kwa kila mtu. Nendeni huko mkaulize. Ratiba iko kwa msimamizi wa uchaguzi." Kweli, ratiba ya kampeni ya kila mgombea inapangwa na kujulikana, mikutano inaanza saa mbili asubuhi na lazima iishe saa kumi na mbili jioni. Tulitumia wiki tatu kuandaa ukumbi wakati viwanja vilikuwa vimejaa wagombea na maiki.

Ila na huko nako kuna namna yake. Mkutano wa kampeni haukuwekwa kwa ajili ya maswali. Mgombea anafika amechelewa, kuna ngoma, kuna wasanii, kuna wa kumnadi mgombea, kisha yeye mwenyewe, kisha giza. Ukinyoosha mkono katikati ya umati, wapambe watakuona mtu wa fujo. Tulichojifunza ni kumtafuta meneja kampeni siku moja au mbili kabla, kwenda wawili na si tisa, kumweleza bila kuficha kwamba tuna maswali matatu, na kumwomba dakika kumi kabla mgombea hajaomba kura. Wengine watakataa. Andika kwamba alikataa, na tarehe. Lakini wengi wanakubali, kwa sababu mgombea naye anapenda kuonekana anasikiliza.

Mgombea wa kwanza alitukubalia. Mwalimu akapewa maiki, akauliza swali ambalo tulilitunga kwa usiku mzima: "Mheshimiwa, una msimamo gani kuhusu sera ya nchi yetu ya mambo ya nje katika ukanda wa Maziwa Makuu?"

Alijibu kwa dakika zisizopungua ishirini. Akaanza na Mwalimu Nyerere na ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Akaja kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi pale Arusha, jinsi Nyerere alivyoyasimamia hadi alipofariki Oktoba 1999, na Mandela akayapokea, mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Yote kweli. Umati ukapiga makofi, na mimi mwenyewe nilipiga. Tulipofika nyumbani nikafungua daftari kuandika alichoahidi, kalamu ikasimama. Hakuahidi kitu. Nasi hatukuwa tumemwomba kitu.

Usiku ule mwalimu aliichukua Katiba yake, ile ya jalada lililochakaa, akatufundisha kwenye mkeka kama tuko darasa la saba. Ibara ya 63 inasema Bunge linaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma, na ndilo linalojadili na kuridhia mikataba ya nchi. Ibara ya 44 inasema Rais akitangaza hali ya vita, nakala inakwenda kwa Spika, na Bunge linakutana ndani ya siku 14 kulijadili tangazo hilo. Lakini kupeleka wanajeshi kulinda amani si kutangaza vita, akasema. Hapo mkono wa mbunge uko kwenye bajeti, kwenye maswali kwa waziri, na kwenye ile kamati inayoshughulika na mambo ya nje, ulinzi na usalama. Na Ibara ya 13 inakataza mtu kubaguliwa na mtu au mamlaka yoyote, na inapoeleza maana ya kubagua inataja utaifa, kabila na mahali mtu alikotoka. Niliomba anisomee hiyo mara mbili. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na sikujua kwamba siku ile barabarani palikuwa na maneno ya kunitetea, yameandikwa, na ningeweza kuyasema.

Ukimuuliza mtu kuhusu kitu ambacho hakiko mkononi mwake, atakupa hotuba. Tukayaandika maswali upya. La kwanza likawa: ukiwa mbunge, utamuuliza waziri mara ngapi kwa mwaka kuhusu hali ya wanajeshi wetu walioko Kongo, na majibu utaturudishia kwenye mkutano gani? La pili: mtu wa jimbo lako akishushwa kwenye basi akaambiwa si raia kwa sababu ya lugha yake, akikupigia simu utafanya nini siku hiyo hiyo? La tatu lilikuwa la wakimbizi: utasimamia vipi wasirudishwe kwa nguvu mahali ambako bado kuna mauaji, na hapohapo wananchi walio jirani na kambi walipwe kwa misitu na mashamba yanayoharibika?

Hilo la kwanza lilitugharimu mjadala mzito sisi kwa sisi. Tangu mwaka 2013 nchi yetu, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilikuwa na wanajeshi katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kupigana na waasi mashariki mwa Kongo, wala si kulinda tu. Mimi nilikuwa napinga. Nilisema amani haipikwi kwa risasi, na watoto wetu watarudi kwenye majeneza. Mwenzetu mmoja, muuza migebuka, mwanawe alikuwa huko huko. Akaniangalia akasema, "Mama, unasema hivyo kwa sababu mwanao yuko nyumbani. Wangu anawalinda watu wa Goma. Usiniambie anafanya dhambi." Sikuwa na jibu. Ndiyo maana swali likaandikwa vile: utamuuliza waziri mara ngapi. Hilo tuliweza kulisimamia wote wawili, mimi niliyepinga na yeye aliyekuwa anaomba kila usiku mwanawe arudi na sifa. Kama mnaunda kikundi cha kupinga vita mahali ambapo kuna wazazi wa askari, msianze na kauli. Anzeni na swali ambalo mzazi wa askari naye anataka lijibiwe.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitarajia. Wenzangu watatu kati ya wale saba, watu waliopika uji pamoja nami, walikuwa hawataki swali la tatu kabisa. Mmoja ana ndugu karibu na kambi. Alisema kuni zimekwisha, mihogo inang'olewa usiku, wanawake wakienda porini wanavamiwa, na mashirika yakija yanaleta mablanketi kwa wakimbizi huku zahanati ya kijiji haina dawa. Sikupenda kumsikia. Nilitaka kumwita mbaguzi. Lakini alikuwa anasema aliyoyaona kwa macho yake, na ile nusu ya pili ya swali, ya misitu na mashamba, ni yeye aliyeidai. Bila yeye tungesimama mbele ya watu wale na swali la upande mmoja, na wangetuzomea kwa haki.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Kwa miezi miwili nilitumia kama shilingi 180,000 zangu mwenyewe, nauli, fotokopi, vocha, sehemu yangu ya ukumbi ule uliokufa, na siku ambazo meza yangu sokoni ilikaa tupu ni hasara ambayo sikuihesabu. Mara moja mpambe wa mgombea alitupa shilingi elfu hamsini "za soda". Tukaipokea. Kesho yake Kibirizi nzima inasema sisi ni wa chama kile. Tuliirudisha mbele ya mashahidi wawili, lakini neno likishatoka halirudi, na mgombea mmoja alikataa kutusikiliza hadi mwisho wa kampeni kwa sababu hiyo. Hata maji ya chupa, nunua yako.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka.

Oktoba tuliamua kutoka mjini, kwa sababu majimbo yenye kambi ndiko hasira ilikokuwa kali. Tulikodi Noah. Na mimi, mimi mwenyewe, nilikuja na wazo kwamba swali la wakimbizi liulizwe na mkimbizi.

Kulikuwa na dada mmoja niliyemfahamu uwanjani mwezi Mei. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Makamba, Burundi, alishuka kwenye Liemba na watoto wawili na mfuko wa madaftari, hakuwa na kingine. Tulibadilishana namba. Alikuwa anazungumza Kiswahili kizuri, cha mtu aliyesoma. Nilimpigia nikamwomba aje. Nilijua kwamba mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Nilijua. Nilimwambia, "Ni saa chache tu, jioni utakuwa umesharudi kwa watoto." Aliuliza mara moja kama nina uhakika. Nikasema ninao.

Nilifikiri watu wakimwona watalainika. Nilifikiri uso wake utafanya kazi ambayo maneno yetu hayakuweza.

Mwalimu akauliza swali la kwanza, likajibiwa si vibaya. Nikachukua maiki nikasema, "Linalofuata litaulizwa na dada yangu huyu, aliyeyaona kwa macho." Akasimama. Akasema salamu kwa adabu, akauliza, "Mheshimiwa, mkisema turudi nyumbani, ni nani atakayehakikisha hatuuawi?"

Mgombea hakumjibu. Aliugeukia umati. "Huyu ana kadi ya kupigia kura?" Umati ukacheka. "Ana kibali cha kutoka kambini?" Hapo kicheko kikabadilika. Mtu akapiga kelele arudi kwao. Wengine wakaitikia. Chupa ya maji ikamwangukia begani, ilikuwa na maji nusu, nikasikia ilivyomgonga. Askari waliokuwa pale walikuja kumtoa, na kwa kweli bila wao sijui ingekuwaje, lakini wakishamtoa mtu wanauliza karatasi zake, na yeye hakuwa na karatasi. Nilikimbia nyuma ya gari nikipiga kelele kwamba ni mimi niliyemleta. Hakuna aliyenizuia wala aliyenisikiliza. Alilala kituoni siku mbili, kisha akarudishwa kambini. Watoto wake walikaa kwa jirani usiku mbili bila kujua mama yuko wapi.

Mimi nililala kwangu, kitandani kwangu, usiku ule ule.

Nilijaribu kwenda kumwona. Kuingia kambini nako kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, sikukipata. Baada ya wiki tano nilimkuta siku ya soko, pale ambapo wenyeji na wakimbizi walikuwa wanauziana. Nilikuwa nimebeba dagaa, mchele na sabuni, kama mtu anayekwenda kwenye msiba. Alivipokea. Nikaanza kuomba msamaha, nikalia, na yeye ndiye akawa ananibembeleza, jambo ambalo lilizidi kuniaibisha. Mwishoni alisema neno moja tu ambalo si la hasira: "Mama, wewe ulikuwa na pa kurudi."

Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii. Swali kwa mgombea lina nguvu kwa sababu nyuma yake kuna kura. Anayeuliza akiwa na kura, mgombea lazima apime kabla ya kumdharau. Asiye na kura, mgombea anaweza kumpiga teke mbele ya umati na asipoteze chochote, bali akaongeza. Nilimchukua mtu pekee uwanjani pale ambaye hakuwa na kinga yoyote, nikamweka mbele yangu, mimi mwenye kadi ya kupigia kura mfukoni, mwenye nyumba, mwenye mwenyekiti wa mtaa anayenijua. Swali lilikuwa langu kuliuliza. Lake lilikuwa kunieleza, kama angependa, mahali salama, nami niandike kwa maneno yake na kuyasema kwa mdomo wangu.

Kikundi kilivunjika baada ya siku ile. Wenzangu kadhaa waliacha kwa hofu. Yule mwenye ndugu karibu na kambi, ambaye hakutaka swali la wakimbizi, ndiye aliyechangisha hela ya simu ili tumtafute dada yule pale kituoni. Kijana wa bodaboda alizunguka vituo viwili usiku. Mwalimu hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu.

Tulibaki wanne, tukamfikia mgombea wa tatu siku nane kabla ya uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba. Mkutano mdogo, watu hawazidi mia mbili, chini ya mwembe. Nilimuuliza lile swali la basi, na safari hii nilisimulia yangu: kizuizi, wimbo, magunia, mvua. Nilitetemeka. Nilipotaja wimbo wa Taifa, wazee kadhaa walianza kutikisa vichwa, na mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Na mimi pia." Kisha mwingine. Mgombea alikaa kimya kidogo, akasema hajui sheria inasemaje juu ya jambo hilo, ila atauliza na kuturudia. Alirudi. Baada ya siku tatu alimtuma mtu na karatasi moja yenye saini yake: namba ya simu ya ofisi atakayofungua, na ahadi kwamba atabeba malalamiko ya uraia kwa maandishi na si kwa mdomo. Hakushinda. Lakini karatasi ile niliionyesha kwa aliyeshinda, nikamwambia mpinzani wako aliahidi hivi, wewe je? Akasaini iliyofanana nayo. Watu waliwahi kuipiga namba ile. Mara nyingine ilipokelewa, mara nyingine haikupokelewa.

Ndiyo maana nasema muwe na daftari. Tarehe, mahali, swali kama lilivyoulizwa, jibu kama lilivyojibiwa, na mashahidi wawili. Januari 2017 Warundi waliokuwa wakiingia walipoacha kupokelewa kwa pamoja kama kundi, nilikwenda na daftari nikamsomea mheshimiwa maneno yake ya 2015. Alikumbuka. Hakupenda, lakini alikumbuka. Na Desemba mwaka ule ule, habari zilipokuja kwamba wanajeshi wetu 14 wameuawa Semuliki, kule Kongo, muuza migebuka alikuja kwangu alfajiri, hajafunga hata kilemba vizuri. Mwanawe hakuwa miongoni mwao. Alikaa kwenye kibaraza changu akasema, "Lete lile daftari. Alisema atauliza mara ngapi?"

Niliyaandika haya mwaka 2025, kwa sababu ya vijana watatu waliokuja mezani kwangu wiki moja kabla. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwezi Januari, Bukavu ikafuata Februari, na kwa sisi wa ufukweni hakuna aliyehitaji redio ili ajue. Uchaguzi ulikuwa Oktoba mwaka huo. Walitaka kuwauliza wagombea kuhusu Kongo, na kuhusu vitambulisho vya watu wa huku vilivyokuwa vinakwama. Niliwaambia waanze kwa kuuliza masharti upya, kwa sababu sheria ya uchaguzi ilibadilishwa 2024 na Tume yenyewe ikabadilika jina. Niliwaambia habari ya meneja kampeni, ya maji ya chupa, ya daftari. Walisikiliza vizuri, wana akili kuliko sisi tulivyokuwa.

Kisha wakanionyesha orodha ya wasemaji wao. Ilikuwa na majina matano. La nne lilikuwa la binti wa Kikongo, miaka kumi na tisa, aliyevuka ziwa mwezi Februari na anaishi kwa ndugu Ujiji, hana karatasi yoyote. "Ana ujasiri sana, mama," wakasema. "Watu wakimsikia watalia."

Nikachukua kalamu nikalikata jina la nne. Hawakufurahi, na mmoja aliniuliza mimi ni nani wa kumnyamazisha. Ni swali la haki. Nikawaambia wamwendee nyumbani, wakae naye, wamuulize anataka jambo gani lisemwe na lipi lisisemwe, waandike, wamsomee. Halafu yule aliyekuwa anabishana nami atoe kadi yake ya mpigakura aiweke mezani. Akaitoa. Nikaandika jina lake pale kwenye namba nne.